Vikombe vya Kabatini

Baada ya ibada ya mavuno hapa Kurasini, sadaka zisizo za fedha taslimu hutolewa nje na kunadiwa: kuku, mayai, mkungu wa ndizi, gunia la muhogo. Mwaka mmoja, sisi watoto wa nyumba moja tulipeleka kitu kisichozoeleka mnadani hapo. Kilikuwa ni vikombe sita vya kauri na visahani vyake, pamoja na bakuli la sukari la fedha.

Baba, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alivinunua zamani kwa familia ya wageni iliyokuwa ikiuza vyombo vyake kabla ya kurudi kwao. Mama akaviweka kwenye kabati la vioo. Vilikuwa vya wageni wa heshima. Sisi tulivifuta vumbi tu; hatukuvinywea kamwe.

Mama alipofariki, siku ya kuanua matanga tulibishana. Mmoja wetu alisema vyombo vya mama haviuzwi, ni kumbukumbu. Mwingine akajibu kwamba kumbukumbu haiezeki paa la kanisa. Mwishowe tukakubaliana viuzwe. Siku ya mnada washarika wawili walishindana, bei ikapanda hadi shilingi 150,000, vigelegele vikapigwa. Tukarudi nyumbani tukidhani swali letu limejibiwa.

Jioni ile jirani yetu alikuja kutujulia hali. Ndiye aliyemwogesha mama na kumlisha uji miezi yote ya ugonjwa wake. Tulimpa chai katika kikombe cha plastiki, kile kile alichonywea siku zote. Ndipo tukatazamana. Vikombe vile vilimngoja mgeni wa heshima kwa miaka mingi, na mgeni mwenyewe alikuwa akiingia kila asubuhi kwa mlango wa uani.

Katika lugha yetu, neno fedha ni madini yale meupe, na ni pesa pia. Labda ndiyo maana ni rahisi kudhani kwamba chenye thamani ni kile chenye bei. Katika Marko 14 tunasoma juu ya mwanamke aliyevunja chupa ya marhamu na kummiminia Yesu kichwani. Waliokuwepo walipiga hesabu mara moja: yangeuzwa kwa zaidi ya dinari 300, karibu mshahara wa mwaka mzima wa kibarua, wakapewa maskini. Hesabu yao haikuwa na kosa. Lakini Yesu alimtetea mwanamke, kwa sababu alifanya alichoweza wakati Bwana angali naye.

Kule Kunduchi, katika wilaya ya Kinondoni, yapo makaburi ya kale yenye nguzo. Wazee wa pwani waliyapamba kwa sahani za kauri zilizovuka bahari, ili kuwaheshimu wafu wao. Leo sahani nyingi hazipo. Yamebaki mashimo zilimokuwa. Heshima iliyobandikwa kaburini yaweza kubanduliwa. Aliyopewa mtu angali hai, nani ataibandua?

Kuuza vyombo vya mama hakukuwa dhambi, na kuvitunza kusingekuwa dhambi. Kosa letu lilitangulia mnada: tuliweka kilicho bora kimefungwa mpaka saa yake ikapita. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumbe mwenyeji hawezi kupona kama hajui mgeni wake ni nani.

Basi, wapendwa, kabla ya kuuliza kitu kitaleta kiasi gani mnadani, tuulize ni nani ambaye bado hatujamfungulia kabati.

La kwetu sasa lina vikombe vya kawaida, vya sokoni. Jirani yetu ndiye aliyevinywea kwanza. Viwili vimekwisha kuvunjika mikononi mwa wageni, nasi hatujavililia.