Rula ya Risasi

Pikipiki kuukuu hudhoofishwa na vitu vidogo: klipu ya cheni imeruka, springi ya stendi imekatika, pini ya nyuma ya nati ya ekseli haionekani. Kwa mtu wa Mwazye, juu huku Ufipa, kitu cha bei ya soda kinaweza kumpeleka Matai au hata Sumbawanga, na wakati wa mvua barabara nayo ina neno lake. Basi fundi anakata waya, anachana ukanda wa tyubu, anakunja bati la kopo, na chombo kinaondoka. Wako wanaousifu ubunifu huo, na wako wanaouona kuwa ni ulipuaji tu. Mimi naona pande zote mbili zinautazama mkono wa fundi, ilhali swali lenyewe ni la haki: ni nani aliyemruhusu kuweka kitu ambacho mtengenezaji hakukiagiza?

Aristotle, katika kitabu cha tano cha maadili yake, alikutana na swali hilohilo kwa upande wa sheria. Sheria husema kwa ujumla, na ujumla haufiki kila kona. Inapopungua, hakimu mwema huijaza kwa kusema kile ambacho mtunga sheria mwenyewe angekisema kama angekuwapo. Akatoa mfano wa waashi wa kisiwa cha Lesbos, waliopima kwa rula ya risasi (madini, si ya bunduki), rula inayolifuata jiwe lilivyo badala ya kulilazimisha jiwe liwe nyoofu. Thoma wa Akwino aliihesabu tabia hiyo kuwa fadhila: upanga ulioachiwa kuutunza unapaswa kuurudisha, lakini humrudishii mwenyewe akija amepagawa na wazimu. Si hoja ngeni kwa Mwazye, alikozaliwa Kardinali Polycarp Pengo, ambaye masomo yake Roma yalikuwa ya teolojia ya maadili.

Tukimweka fundi mahali pa hakimu, hatutamuuliza kama kipuri ni halisi. Tutamuuliza: aliyeibuni pikipiki alitaka sehemu hii ifanye nini? Hapo majibu yanashangaza. Pini ya ekseli inatisha kwa jina, kwani gurudumu zima liko hapo, lakini haibebi uzito wowote. Kazi yake ni kuizuia nati isijifungue. Waya mgumu wa unene uleule, ukipitishwa tunduni na kupindwa ncha zote mbili, unaitimiza kazi hiyo hadi pini ipatikane. Klipu ya cheni inaonekana ya kudharaulika, kijibati tu. Lakini ndiyo inayokishika kiungo kisifunguke huku cheni ikizunguka kwa kasi, na huvikwa upande uliofumbwa ukitangulia mbele ili kisiwepo cha kuikwanyua. Waya wa kufungia hulika haraka hapo. Cheni ikiachia, inaweza kujisokota na kulikaba gurudumu la nyuma. Macho ya abiria yangekubali la pili na kulikataa la kwanza. Nia ya mbunifu inahukumu kinyume.

Wengine watasema mbunifu yuko mbali na nia yake hatuijui. Mara nyingi imeandikwa kwenye chuma chenyewe. Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, ilibuniwa ikilenga nchi ambako matunzo ni haba, ndiyo maana valvu zake zinasukumwa kwa fimbo, mpangilio unaovumilia mengi. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoenea kwetu zina injini ya ukoo huo. Mbunifu alikwisha kumfikiria mtu asiye na duka jirani. Wengine watashikilia kuwa kisicho cha kiwandani ni uongo. Lakini wafua chuma wa Ufipa, walioyeyusha mawe katika tanuru refu la ilungu na kukisafisha chuma katika tanuru dogo la kintengwe, hawakuwa na jembe lenye kipuri halisi. Kila kipande kilikuwa cha kwanza, na kilipimwa shambani. Uhalisi wa kipuri ni wazo la viwanda vinavyotoa vipande vya kufanana, na lina faida zake, ila si kipimo cha ukweli.

Pingamizi zito ni la umaskini: asiye na hela achague nini? Akiendesha peke yake, nakiri, sina neno kubwa la kumwambia. Tatizo linapanda na abiria. Mama aliyempakata mtoto nyuma hakupewa nafasi ya kuipima ile rula. Alipatana nauli akidhani cheni ni cheni. Hakimu wa Aristotle hutoa hukumu hadharani, na mwenye kesi huisikia. Fundi aliyefunga waya anaweza kumwambia dereva, na dereva anaweza kumwambia mama kabla hajapanda. Wakiona haya kulitamka, basi wamekwisha kuihukumu kazi yao wenyewe, na mama ana haki ya kusubiri pikipiki nyingine.