Nishani ya Baba na ya Mwana

Huku Mugango na katika vijiji vya kando ya ziwa ziko nyumba ambamo, chini kabisa ya sanduku la nguo, imewekwa nishani ya vita iliyofungwa kwa kitambaa. Mwenyewe aliipata zamani za Waingereza, au katika vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Wengine walipita njia zote mbili, kama Jenerali David Musuguri wa Butiama, jirani yetu, aliyeingia King's African Rifles mwaka 1942 na baadaye akawa mkuu wa majeshi ya Tanzania. Watoto waionapo nishani hiyo huuliza, Je, heshima hii ni yetu pia? Swali hilo si la kitoto, maana kabla ya kulijibu yatupasa kujua heshima ya nishani yatoka wapi: kwa yule aliyetenda, ama kwa yule aliyeitoa.

Wamarekani wanayo nishani iliyo kuu kuliko zote za jeshi lao, na baba na mwana waliopewa wote wawili ni jozi mbili tu, akina MacArthur na akina Roosevelt. Theodore Roosevelt ndiye yule rais wa zamani aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 kuwinda, kisha akavuka ziwa letu hili kwenda Uganda. Alipigana Cuba mwaka 1898, akaitamani sana nishani ile, akanyimwa, akafa mwaka 1919 bila kuipata. Mwanawe wa jina lilo hilo alishuka pwani ya Ufaransa tarehe 6 Juni 1944 pamoja na askari wa kwanza, mkongojo mkononi. Mwezi uliofuata alikufa kwa ugonjwa wa moyo, akapewa nishani akiwa kaburini. Baba alipewa yake mwaka 2001. Basi tuulize: katika miaka ile 103, je, tendo la Cuba lilikua au lilipungua? Halikubadilika hata kidogo. Waliobadilika ni watoaji.

Lakini Roosevelt alikuwa mtu mkubwa, na wakubwa hukumbukwa. Nataka tumfikiri mwingine, mtu wa pwani yetu wenyewe.

Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana baadaye kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wadachi, mwenye cheo cha efendi. Vita ilipoanza mwaka 1914, baba na mwana waliingia wote. Mwana alikuwa na miaka 10. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, upande wa Lindi, akatekwa na Waingereza. Mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara iliyobaki, yake na ya baba yake. Akaambiwa amechelewa. Angalieni urithi wake, ndugu: Roosevelt kijana alirithi jina, huyu alirithi deni, na ujira uliozuiliwa ni jambo ambalo kila katekista ajua jinsi Maandiko yanavyolinena.

Akakaa Berlin, akafanya kazi ya kuwahudumia watu mezani, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu. Mwaka 1934 aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele. Akakataliwa. Ndipo alipoinunua mwenyewe dukani, akaivaa kifuani.

Je, alisema uongo? Najua wengi watajibu upesi kwamba ndiyo, kwa sababu ajivikaye heshima ni mwizi wa heshima. Mimi sikubali. Mwongo ni yule avaaye alama ya vita asivyokwenda. Jeraha la Mahiwa lilikuwa lake, wala hakulinunua. Kipande cha chuma kilisema neno la kweli ambalo wenye kujua hawakutaka kulisema.

Jambo linaloniuma ni jingine. Aliivaa katika mikutano ya watu waliotamani kuzirudisha koloni zao, yaani kututawala tena. Tena twajua vita ya Maji Maji ya 1905 hata 1907, na jinsi askari wa serikali ile walivyochoma mashamba na ghala za chakula, njaa ikaua watu wasiohesabika. Mtu aweza kuwa shujaa katika kazi isiyostahili ushujaa wake. Mtoto wa miaka 10 hakuichagua kazi ile, kwa hiyo simhukumu kwa Mahiwa. Kwa mikutano ya Berlin, alipokuwa mtu mzima, sina hakika nimtetee; labda njaa na upweke vilikuwa na sehemu yao.

Hao aliowavalia nishani hawakumhurumia. Mwaka 1941 alikamatwa kwa ajili ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Hata kama aliikosea ndoa yake, hawakumhukumu kwa ndoa, walimhukumu kwa rangi. Akapelekwa katika kambi ya Sachsenhausen bila kesi, akafa huko tarehe 24 Novemba 1944.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wa zamani waliokuwa hai. Husimuliwa kwamba huko Mwanza wazee wengi walifika bila cheti. Basi kila mmoja akapewa ufagio mahali pa bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Miili yao ilikuwa cheti.

Bayume hakuwapo kushika ufagio. Tangu mwaka 2007 liko jiwe dogo la shaba katika njia ya Brunnenstraße, Berlin, mbele ya nyumba alimokaa. Limeandikwa jina lake.