Je, Picha Yaweza Kushuhudia Uongo?

Iko kazi moja ya mikono ambayo katika nchi za Ulaya na Amerika imewapendeza watu wengi, wakubwa kwa watoto, nayo ni kuunda ndege ndogo kwa mfano wa zile kubwa zirukazo. Watu hawa hupima kila kiungo kwa uaminifu. Wakiunda kwa kipimo cha moja kwa 72, basi ndege ya vita ya Waingereza iitwayo Spitfire, ambayo toka ncha ya bawa hata ncha ya bawa ina mita 11 na zaidi, huwa na sentimeta 15 na nusu hivi, hata mtoto aweza kuishika mkononi. Huipaka rangi yake, huitia alama za mafuta na moshi mahali pake. Na baadhi yao, kazi ikiisha, huipiga picha, wakitaka kila aitazamaye asiweze kusema kama ndege ile yatoka mezani au yatoka vitani. Hapo ndipo lilipo swali letu: je, afanyaye hivi hutenda kosa? Na kama si kosa, basi kosa laanzia wapi?

Kwanza na tuitazame kazi yenyewe, maana si haki kuhukumu jambo tusilolijua. Kitu kidogo hujifunua kwa njia nyingi. Kamera ikisogezwa karibu nacho, pua ya ndege huonekana wazi na mkia ukafifia. Walakini ndege kubwa itazamwayo kwa mbali haionekani hivyo. Kwa hiyo mpigaji hulipunguza tundu la lenzi, akangoja mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi, ili vya mbele na vya nyuma vionekane sawasawa. Kisha huishusha kamera mpaka mahali ambapo lingekuwapo jicho la mtu mwenye kimo cha sentimeta mbili na nusu, kwa sababu mtu asimamaye kiwanjani haioni ndege kutoka juu kama aionavyo sahani mezani. Rafadha, yaani lile panga lizungukalo puani, ikionekana imetulia hali ndege iko angani, hila imejulikana. Basi huizungusha, au huifuta na kuweka ukungu mahali pake. Mwisho huja kazi ya kuitengeneza picha: uzi ulioishika ndege huondolewa, mawingu huongezwa. Zamani kazi hii ilifanywa kwa brashi na kisu chembamba. Leo hufanywa kwa kompyuta. Hata hivyo viko vitu viwili viwasumbuavyo mafundi hata wale walio hodari, navyo ni moto na maji. Maana mwali wa moto na tone la maji havikubali kupunguzwa kwa kipimo kama bawa la ndege.

Sasa, katika mambo hayo yote hatuoni uovu. Ni ustadi, saburi na jicho kali. Tena mtu mmoja ametuonyesha jinsi ustadi huo uwezavyo kukaa pamoja na ukweli. Michael Paul Smith wa Marekani, aliyefariki mwaka 2018, aliunda mji wa kubuni akauita Elgin Park. Yeye hakutumia ndege bali motokaa ndogo za kipimo cha moja kwa 24. Alizipanga juu ya meza, akaiweka meza mbele ya miti na nyumba za kweli, akapiga picha hata mtazamaji akadhani anaona mtaa wa zamani. Lakini pamoja na picha hizo alitoa nyingine zilizoonyesha meza yenyewe na miguu yake. Watu walioona meza hawakupunguza furaha yao. Waliistaajabia kazi zaidi.

Tuweke kando ya huyo habari ya mtu mwingine. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 zilitokea picha za ajabu za Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Zilionyesha ndege za Waingereza na Wajerumani zikipigana angani, karibu mno, kana kwamba mpigaji alikuwa katikati yao. Hata mtu akianguka kutoka ndege yake alionekana. Mwanamke aliyezileta alijiita Bibi Cockburn-Lange, ikasemwa kwamba rubani mmoja aliifunga kamera katika ndege yake. Mwaka 1933 zilichapishwa mjini London katika kitabu kiitwacho Death in the Air, kama shajara ya rubani asiyetajwa jina. Wajuzi wengine walitia shaka, lakini wengi waliamini. Mwaka 1984 wataalamu wa makumbusho ya anga ya Smithsonian, mjini Washington, wakaonyesha kwamba picha zile zilitoka kwa Wesley Archer, Mmarekani aliyetumika katika kikosi cha anga cha Waingereza, kisha akawa muundaji wa mifano kwa ajili ya filamu. Ndege zile zilikuwa mifano, na nyuzi zake zilikuwa zimefutwa. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikwenda zaidi ya miaka hamsini, na mwenyewe alikuwa amekwisha kufa.

Basi tuwapime watu hawa wawili. Mikono yao ilifanya kazi moja: wote waliunda vidogo, wote walimfanya mtazamaji aone vikubwa. Kama kosa lingekuwa katika kuunda, au katika kufuta uzi, wote wangekuwa na hatia. Lakini mmoja alisema, “Tazameni nilichokiunda.” Wa pili alisema, “Tazameni kilichotokea.” Tofauti yao ni neno lililowekwa chini ya picha. Picha peke yake haina ulimi. Mwenye kuionyesha ndiye aipaye ushuhuda, naye ndiye atakayeulizwa.

Labda mtu atasema, “Ameumizwa nani? Watazamaji walipendezwa, na vita vilikuwa vya kweli.” Neno hili lina nguvu, tena yafaa kulijibu kwa uangalifu. Marubani wa ndege za Kiingereza katika vita ile hawakupewa miavuli ya kushukia. Ndege ikishika moto, hapakuwa na njia. Mzazi aliyempoteza mwanawe hivyo angeweza kuitazama picha ile na kuwaza, “Ndivyo alivyokufa mwanangu,” kumbe machozi yake yaliangukia kijiti na uzi. Tena kuna hasara nyingine. Walikuwapo watu waliopiga picha za kweli katika vita ile, hafifu, zenye ukungu, zisizopendeza. Penye picha nzuri ya uongo, nani ataitazama picha mbaya ya kweli? Na uongo ukiisha kufunuliwa, watu huzitilia shaka hata zile za kweli. Hivyo mwongo humnyang'anya shahidi mwaminifu mara mbili. Nasi twaona kosa la Archer ni zito zaidi kwa sababu yeye alikuwa vitani mwenyewe. Alikuwa na ushuhuda wake wa kweli, akauficha ili auze wa kubuni.

Lakini liko jambo jingine lisilo jepesi. Neno lililo chini ya picha hudondoka njiani. Fundi mwaminifu huandika, “Huu ni mfano”, wa pili humtumia rafiki yake picha bila maandishi, wa tatu huandika, “Ndege iliyoanguka jana.” Siku hizi, ambapo picha hutoka simu hata simu kwa dakika moja, na mashine zaweza kuchora ndege isiyokuwapo hata mezani, jambo hili limetufikia sisi sote, hata tusiowahi kushika lenzi. Fundi wa kwanza ana wajibu wa kutia alama katika picha yenyewe, wala si kando yake tu. Lakini hawezi kuifuata kila iendako. Aipelekaye mbele huuchukua ushuhuda begani mwake, naye hawezi kujitetea akisema, “Nilipewa tu.” Amri ya nane tuliyofundishwa utotoni haikuwahusu waanzishaji wa maneno peke yao.

Kwa hiyo, ndugu, na hasa ninyi mnaofundisha wengine, yatupasa kujiuliza mambo matatu kabla ya kumwonyesha mtu picha. Nani aliipiga? Yeye mwenyewe alisema ni kitu gani? Na sisi tukiionyesha, twasema “kilichoundwa” au “kilichotokea”? Tusipojua majibu, ni heri kuiacha mikononi mwetu. Wala tusiwachukie waundao vindege vyao kwa ustadi; tuwasifu, na tuwaombe watuonyeshe na meza.