Tiketi Zimekwisha, Viti Vitupu

Jumamosi iliyopita lilifika mjini kundi la maigizo kutoka Kampala, na mchezo mpya ambao watu wa Mbale walikuwa wameusikia ukitangazwa redioni kwa majuma kadhaa. Jirani yangu hapa Nkoma, mama anayeshona sare za shule, alifunga cherehani mapema, akavaa gomesi yake ya sikukuu, akashika njia ya ukumbini na bintiye. Pesa alikuwa nazo mkononi. Mlangoni akaambiwa tiketi zilikwisha tangu Jumatano, zote zimeuzwa kwenye intaneti. Hatua chache kutoka hapo, chini ya nguzo ya umeme, kijana mmoja alikuwa na tiketi tele ndani ya simu yake, kila moja shilingi 50,000. Bei iliyotangazwa redioni ilikuwa 20,000. Mama na binti wakarudi nyumbani.

Mimi niliingia, kwa kuwa mpwa wangu aliyeko Kampala alininunulia mapema. Lililoniudhi zaidi nililiona nikiwa ndani. Safu mbili nzima za mbele, zenye viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe, zilikaa tupu tangu pazia lilipofunguliwa hadi lilipofungwa. Vilikuwa viti vya wageni waalikwa, na wageni hawakuja. Waigizaji walicheza kwa moyo wote mbele ya vitambaa vile.

Kesho yake nilipompa pole jirani yangu, aliniuliza: "Sasa mwalimu, kama tiketi zilikwisha, yule kijana alizipata wapi?"

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa mchezo wa kuigiza si maji wala dawa ya malaria, hakuna aliyekufa kwa kukosa kuuona, na kwamba kitu adimu hupanda bei, iwe nyanya au kiti. Anayeutaka sana mchezo atalipa zaidi. Katika hoja hii kuna jambo moja ninalolikubali kabisa: wasanii wanastahili kula jasho lao. Kukodi ukumbi kuna gharama, mafuta ya gari kutoka Kampala yana gharama, jenereta na malazi ya kundi zima pia. Lakini zile 30,000 za juu alizodai kijana wa kwenye nguzo hazikumfikia mwigizaji hata mmoja. Kijana yule hakutunga mchezo, hakukesha mazoezini, hakubeba hata taa. Huo ni ulanguzi, ule ule tuliouchukia wakati wa sukari na sabuni za magendo, na sioni kwa nini tuuvumilie kwa kuwa tu umehamia kwenye sanaa. Na kusema kwamba anayelipa zaidi ndiye anayeutaka zaidi ni kumtukana jirani yangu. Kwake yeye 20,000 ni kazi ya siku nzima kwenye cherehani. Kwa mwingine ni soda za mezani.

Halafu kuna hili la kuuza kwenye intaneti peke yake. Simu ya jirani yangu ni katochi, ile simu ndogo ya vitufe. Inapokea na kutuma pesa bila shida, na kwa simu hiyo hiyo analipa karo na umeme. Angelipia tiketi pia kama waandaaji wangetoa namba ya kulipia. Badala yake walitaka mtu afungue ukurasa, ajaze fomu, apokee tiketi kwa picha. Hapo lazima uwe na simu ya bei kubwa na data, na data yenyewe hapa Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Kwa hiyo aliye Kampala, kilomita zaidi ya 200 kutoka hapa, alipata tiketi ya mchezo unaoonyeshwa Mbale kabla ya mtu anayeweza kwenda ukumbini kwa miguu. Nina hakika wenzetu wa Jinja wanalijua jambo hili kuliko sisi, maana wao wako karibu zaidi na Kampala na wanaotoka huko wikendi ni wengi.

Jukwaa la Uganda limewahi kuwa na mlango mwembamba. Ukumbi wa Taifa pale Kampala ulifunguliwa mwaka 1959, viti vyake havifiki 400, na miaka ya mwanzo makundi ya Wazungu na Waasia ndiyo yaliyotamba humo. Mwafrika hakuandikiwa kwamba amekatazwa, ila mambo yalipangwa akajikuta nje. Wycliffe Kiyingi, aliyekwisha kuanzisha chama cha wasanii Waafrika mwaka 1954, alitunga michezo kwa Kiganda ili watu wajione jukwaani. Miaka ya 1960 wanafunzi wa Makerere wakaenda mbali zaidi: walifunga safari likizoni na jukwaa lao la kusafiri, wakaigiza mashuleni na viwanjani, kwa Kiingereza na kwa lugha zetu, Kiswahili kikiwemo, bila kutoza kiingilio. Wale walielewa kwamba mtazamaji wa mashambani ni mtazamaji kamili.

Sisi wa Bugisu, eneo hili la Mbale, tusingepaswa hata kufundishwa hilo. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi Agosti, imbalu, sherehe yetu ya tohara, inafunguliwa pale Mutoto, ngoma za kadodi zinalia, na umati unafika bila kuulizwa tiketi. Sisemi kila mchezo uwe bure kama imbalu. Kundi la kulipwa lazima lilipwe. Ninachosema ni kwamba watu waliokulia katika maonyesho ya namna ile wanajua vizuri tofauti ya kukosa nafasi kwa sababu umechelewa na kukosa nafasi kwa sababu umerukwa.

Wanaodhani haki na faida haviwezi kukaa pamoja waangalie New York. Mchezo wa Hamilton ulipofika Broadway mwaka 2015, tiketi zake ziligombaniwa hadi walanguzi wakatajirika. Mwaka 2016 wenye mchezo walipandisha viti vyao bora hadi dola 849, bei inayotisha, ili pesa ile ibaki kwao badala ya kwenda kwa walanguzi. Lakini siku hizo hizo waliongeza viti vya bahati nasibu, vya dola 10 tu, kutoka 21 hadi 46 kwa kila onyesho. Katika ukumbi wa watu wapatao 1,300, viti 46 ni vichache, nami ningetaka zaidi. Hata hivyo viliwekwa, na mchezo haukufilisika. Desemba ya mwaka huo huo Marekani ikatunga sheria dhidi ya programu za kompyuta zinazokomba tiketi kabla ya binadamu kugusa kitufe.

Hatuhitaji kusubiri Bunge la Kampala. Makundi yanayokuja huku mara nyingi hukodi kumbi za umma, zilizojengwa kwa kodi za watu, na anayekodisha ana haki ya kuweka masharti. Robo ya viti iuzwe mlangoni, siku ile ile, kwa bei iliyotangazwa. Vingine viuzwe pia kwa malipo ya katochi. Mtu mmoja asipewe zaidi ya tiketi nne, kila moja iwe na jina, na asiyeweza kuja aitoe kwa waandaaji irudishwe sokoni kwa bei yake. Idadi ya viti vya waalikwa itangazwe wazi, ibandikwe ukutani. Na mgeni ambaye hajafika pazia linapofunguliwa, kiti chake apewe aliyesimama nje, awe ameketi kabla taa hazijazimwa.

Nitaambiwa masharti haya yatawafukuza wasanii wasije tena Mbale. Siamini. Mwigizaji yeyote niliyewahi kuzungumza naye anaogopa viti vitupu kuliko anavyoogopa mapato madogo, na zile safu mbili za Jumamosi ziliwaumiza wao pia. Niliona mwigizaji mkuu alivyokuwa akirusha macho juu ya safu hizo kwenda kutafuta watu nyuma. Krismasi inakaribia, na ndipo makundi yanapozidi kuja. Sharti la viti vya mlangoni liandikwe kwenye fomu ya kukodi ukumbi kabla kundi la kwanza halijalipa amana.