Waya za Meno na Kicheko cha Wenzetu Kazini

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Limefika katika darsa yetu suali la ndugu mmoja afanyaye kazi ya ukarani. Umri wake umepita miaka 40, na meno yake yamepandana tangu utotoni, kwani wazee wake hawakuwa na uwezo wa kuyatengeneza. Sasa amejaaliwa uwezo, ametiwa waya, na wenzake kazini wamepata mchezo. Mmoja humwuliza kama ataka kuposa tena. Mwingine humwambia hayo ni mambo ya watoto wa skuli. Na wa tatu, naye ni Mwislamu, humwambia mbele ya watu kuwa ameharibu umbo la Mungu. Ndugu yetu amekuwa akisema huku ameziba mdomo kwa mkono, na sala ya jamaa ya adhuhuri hapo kazini, ambayo yeye ndiye imamu wake, ameiacha. Auliza: je, ametenda dhambi?

Twamjibu, kwa msaada wa Mungu. Hadithi aliyoishika huyo wa tatu ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullahi bin Masud (R.A.). Ndani yake wamelaaniwa wenye kuyatia meno mianya kwa ajili ya urembo. Lakini asomaye hadithi yampasa aisome pamoja na sababu yake. Imamu Nawawi ameeleza kuwa katazo hili ni la mwenye kutafuta urembo tu. Ama mwenye haja ya matibabu, au mwenye aibu katika jino lake, hana ubaya. Tena Abu Daud na Tirmidhi wamepokea khabari ya Arfaja, aliyepoteza pua yake vitani zama za ujahili. Aliweka pua ya fedha ikanuka, na Mtume akamwamrisha aweke ya dhahabu. Ikiwa dhahabu, iliyo haramu kwa wanaume, iliruhusiwa kwa kuondoa dhara, seuze kijiwaya cha chuma?

Na dhara ya meno yaliyopandana yajulikana. Chakula hukwama mahali mswaki usipofika, jino likaoza na fizi zikafura. Waya hulivuta jino kidogo kidogo. Mfupa wa taya hulika upande mmoja na kujengeka upande wa pili. Aghlabu kazi hii huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na mtu mzima hufanyiwa pia madamu fizi na mifupa yake ni mizima. Huku si kuumba upya, bali ni kutengeneza kilichokwenda upande.

Walakini yako ya kuchunga. Asikope kwa riba, wala asiwapunje watu wa nyumbani kwake haki zao. Udhu wake na josho lake havina kasoro, kwani kusukutua katika madhehebu ya Imamu Shafi ni sunna. Saumu haiharibiki kwa waya. Lakini baada ya daku asafishe kinywa vyema, kwa kuwa kumeza kwa kusudi mabaki ya chakula mchana hufunguza.

Ama enyi mnaocheka, rejeeni katika Sura ya Hujurat, aya ya 11. Hapo Mwenyezi Mungu amewakataza watu kuwafanyia wenzao dhihaka, maana huenda anayechekwa akawa ni bora kuliko anayecheka. Na huyu Ibn Masud aliyetupokelea hadithi ya meno, yeye mwenyewe alichekwa. Alikuwa akichuma miswaki mtini, upepo ukaonyesha miundi yake myembamba, na watu wakacheka. Mtume akawajulisha kwamba miundi hiyo katika mizani ni mizito kuliko jabali la Uhud. Basi ni ajabu mtu kuichukua hadithi ya Ibn Masud akaifanya fimbo ya kumpigia mwenzake! Nasaha hutolewa faraghani. Itolewayo mbele ya watu ili wacheke ni fedheha.

Nawe ndugu yetu, ondoa mkono kinywani. Mtume amekuhesabia tabasamu mbele ya nduguyo kuwa ni sadaka. Usiizuie kwa kuwaogopa watu. Ikiwa ulimi umekuwa mzito kwa waya, soma polepole, kwani asomaye Kurani kwa taabu ana ujira mara mbili. Zikitoka herufi za Fatiha sawasawa, rudi uwasalishe wenzako. Ikiwa ipo inayogeuka siku hizi za mwanzo, mtangulize mwingine nawe usimame nyuma yake. Lakini safu usiihame. Meno yatanyooka kwa muda wake, ama jamaa uliyoiacha leo haitakurudia.

Mwenyezi Mungu azinyooshe nyoyo zetu na ndimi zetu, na atukinge na kuwacheka waja wake. Amin.