Gari: Taslimu au Mkopo?



Jumapili moja baada ya Misa walinijia mume na mke wanaoishi Umoja. Mume alikuwa amenunua gari kwa mkopo wa Sacco bila kumwambia mkewe. "Nilitaka kumfurahisha, Padre," alisema. Naye mke alifurahi kweli, akidhani ni akiba ya mumewe. Miezi minane baadaye mume akapoteza kazi. Ndipo jirani yao wa jumuiya ndogo ndogo alipobisha hodi: "Mama, Sacco imeanza kunikata mimi." Yeye ndiye aliyekuwa mdhamini. Tangu siku hiyo mama huyo aliona haya kwenda kusali na wenzake.

Nilimwuliza, "Linalokuumiza ni deni?" Akajibu, "La, Padre. Ni kwamba nililala kando ya deni miezi minane bila kulijua."

Kukopa si dhambi. Lakini Bwana wetu, katika Luka 14:28, anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Basi tuhesabu.

Tuseme mnakopa shilingi 600,000 kwa miaka 3, riba ikiwa asilimia 1 kwa mwezi. Riba hiyo ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, mtalipa karibu shilingi 19,930 kila mwezi, na riba yote itafika kama 117,000. Lakini ikihesabiwa juu ya mkopo mzima tangu mwanzo hadi mwisho, riba itakuwa 216,000. Asilimia ni ile ile, tofauti ni karibu 100,000! Ulizeni kabla ya kutia sahihi. Tena kumbukeni kwamba mdhamini anaweka rehani jasho la watoto wake.

Je, kulipa taslimu? Hakuna riba, wala mdhamini. Lakini msikombe akiba yote. Gari linahitaji petroli, fundi, na bima ambayo sheria inailazimisha. Januari ina karo, na mtoto haugui kwa ratiba. Aliyemaliza akiba leo huenda kesho akakimbilia mkopo wa haraka, akiacha kitabu cha gari kwa mkopeshaji kwa riba inayonyonya damu. Na ikiwa tunataka gari kwa sababu tu jirani wa ghorofa ya juu ameegesha lake hapo chini, basi matatu za Jogoo Road bado zinatosha.

Mnaona kwamba kila njia ina mzigo wake. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wanandoa Wakristo ni hili: tumeamua wawili? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1055, inafundisha kwamba ndoa ni ushirika wa maisha yote. Maisha yote ni pamoja na hati ya mshahara. Mume anayeficha deni, na mke anayeficha pesa za chama, wanaishi nyumba moja kama wapangaji wawili. Hata gari lililolipiwa taslimu, likinunuliwa kwa siri, linaacha deni la uaminifu, na deni hilo halilipwi kwa shilingi.

Wale wawili wa Umoja walianza kwa kwenda pamoja nyumbani kwa jirani yao kuomba msamaha. Kisha waliuza gari, wakapunguza mkopo, na bado wanamrudishia jirani kidogo kidogo. Jumuiyani wamerudi.

Nanyi, jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, zimeni televisheni, salini Baba Yetu, kisha wekeni mezani mapato na madeni yote. Jiulizeni:

1. Je, kuna deni au akiba ambayo mwenzangu haijui?
2. Tukishalipia gari, tutabaki na chakula, kodi na karo ya miezi mitatu?
3. Kazi ikiisha kesho, ni nani atakayeumia kwa ajili ya sahihi yetu?

Mkiweza kujibu bila kukwepa macho ya mwenzako, chagueni njia yoyote kati ya hizo mbili. Mkishindwa, subirini.

Mungu azibariki nyumba zenu.