Uchafu wa Mwenzio

Wako watu hapa Mwanza wanaojitolea kuokota taka na kupanda miti kando ya Ziwa Viktoria, pasipo ujira. Nao huulizwa: Mbona mwasafisha alipochafua mwingine? Swali hili si la kudharauliwa. Haki yataka mwenye kosa awajibike. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezilinda meta 60 za ukingo wa ziwa.

Lakini ziwa halingoji hukumu. Magugu maji yaliyotanda katika miaka ya 1990 yalisukumwa na upepo toka ghuba hata ghuba, wala hayakubagua mkosaji na asiye na kosa. Mama achotaye maji leo hawezi kungoja hata mkosaji apatikane.

Hata hivyo twaona hatari moja, nayo ni kuwafanya wanaojitolea kuwa watumishi wa uvivu wetu. Awasifuye Jumamosi na kutupa chupa ufukoni Jumapili huipoteza bure kazi yao. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliiita dunia nyumba yetu sote. Basi, wasomaji wapenzi, nyumbani afagiaye husaidiwa kwanza na yule asiyechafua.